Fangasi Ukeni kwa Wajawazito: Kwa Nini Tiba Ni ya Siku Saba

MUHEZA, TANGA – Muwasho ukeni ni miongoni mwa kero zinazowapata wajawazito wengi, lakini pia ni miongoni mwa kero zinazotajwa kwa sauti ya chini kabisa katika chumba cha kliniki. Mama mjamzito ataeleza habari za kichefuchefu, maumivu ya kiuno na miguu kuvimba. Suala la muwasho ataliacha hadi mwisho, au ataondoka nalo nyumbani. Kwa sababu hiyo, wengi huanzia kwa jirani au kwenye duka la dawa, na huko hupata dawa isiyolingana na ugonjwa, au dawa sahihi kwa siku pungufu.

Makala haya yanaeleza maambukizi ya fangasi ukeni wakati wa ujauzito, sababu za kuwapata wajawazito kuliko wanawake wengine, namna yanavyotibiwa, na jambo moja ambalo kila mjamzito anapaswa kulifahamu: dawa iliyo salama kwake ni ile inayowekwa ukeni, na inahitaji usiku saba mfululizo.

Mazingira ya Kigombe na vijiji vya mwambao

Kigombe ni kata ya pwani katika Wilaya ya Muheza, iliyopo kando ya barabara itokayo Jiji la Tanga kuelekea Pangani. Wakazi wake wanategemea zaidi uvuvi, kilimo na kazi za mashamba ya mkonge. Joto na unyevunyevu wa bahari ni sehemu ya maisha ya kila siku, na wanawake wengi wa mwambao hutumia saa nyingi wakiwa na nguo zilizolowa, iwe kwa jasho la jikoni na shambani au kwa maji ya bahari wakati wa kuokota pweza na kombe maji yanapokupwa.

Kama ilivyo katika maeneo mengine ya vijijini nchini, ngazi ya kwanza ya huduma ya mjamzito ni zahanati. Mgonjwa anayehitaji huduma zaidi hupelekwa kituo cha afya, kisha hospitali ya ngazi ya wilaya, na hatimaye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tanga, Bombo. Ngazi hizi zina maana kubwa katika ugonjwa huu: tiba ya kawaida ya fangasi ukeni hutolewa katika ngazi ya chini kabisa, na mama halazimiki kufunga safari ya mjini kwa ajili yake. Aidha, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza huduma za wajawazito zitolewe bila malipo katika vituo vya umma.

Ugonjwa huu ni nini?

Maambukizi haya husababishwa na fangasi wa jamii ya kandida, ambao ni ndugu wa hamira. Aina inayoongoza duniani kote ni Candida albicans. Fangasi hawa si wageni mwilini. Wanaishi kwenye utumbo, mdomoni, kwenye ngozi na ukeni, na kati ya wanawake 10 wenye afya njema, mmoja au wawili huwa nao ukeni bila dalili yoyote. Inakadiriwa kuwa wanawake watatu katika kila wanne hupata ugonjwa huu angalau mara moja maishani.

Kwa hiyo kuwa na fangasi si sawa na kuwa mgonjwa. Ugonjwa huanza pale fangasi wanapoongezeka kupita kiasi na kuushambulia utando wa uke. Mjamzito aliyegundulika kuwa na fangasi katika kipimo lakini hana muwasho wala dalili nyingine, kwa kawaida hahitaji dawa.

Ni muhimu pia kuelewa kwamba fangasi ukeni hawahesabiwi miongoni mwa magonjwa ya ngono. Mwanamke anaweza kuugua bila yeye wala mwenza wake kuwa na uhusiano nje ya ndoa. Kulijua hili kunaweza kuepusha ugomvi usio na msingi ndani ya nyumba, na kumwondolea mama aibu ya kwenda kliniki.

Kwa nini mimba huongeza maambukizi

Wakati wa ujauzito kiwango cha homoni ya estrojeni hupanda sana. Homoni hiyo huufanya utando wa uke ulimbikize glikojeni, aina ya sukari ambayo fangasi huitumia kama chakula. Homoni hiyo hiyo huwasaidia fangasi kujishikiza kwenye utando. Wakati huohuo kinga ya mwili wa mama hubadilika ili kumstahimili mtoto aliye tumboni, na mabadiliko hayo hupunguza uwezo wa kuwadhibiti fangasi. Ndiyo maana ugonjwa huu huonekana zaidi katika miezi ya kati na ya mwisho ya ujauzito, hurudi kwa urahisi, na ni mgumu zaidi kuuondoa kuliko kwa mwanamke asiye na mimba.

Zipo hali nyingine zinazoongeza uwezekano wa kuugua. Ya kwanza ni kisukari, kikiwemo kisukari cha mimba. Ya pili ni matumizi ya antibiotiki, ambazo huua bakteria rafiki wa jamii ya laktobasili wanaoulinda uke. Ya tatu ni upungufu wa kinga mwilini, ikiwemo maambukizi ya virusi vya UKIMWI ambayo hayajadhibitiwa kwa dawa.

Ukubwa wa tatizo nchini

Utafiti uliofanyika katika kliniki za wajawazito jijini Mwanza na kuchapishwa mwaka 2019 unatoa picha ya hali ilivyo. Sampuli kutoka kwa wajawazito 300 waliokuwa na dalili ziliooteshwa maabara, na karibu theluthi mbili zilionesha fangasi wa kandida. Candida albicans ndiyo iliyoongoza, ikifuatiwa na Candida tropicalis na Candida glabrata.

Takwimu hizo zina mafunzo mawili. Kwanza, mjamzito mwenye dalili hayuko peke yake. Wenzake ni wengi. Pili, theluthi moja ya wanawake hao walikuwa na dalili lakini hawakuwa na fangasi. Kila anayejitibu kwa kukisia anaweza kuwa katika theluthi hiyo, akitumia dawa ya fangasi huku ugonjwa wenyewe ukiendelea.

Dalili, na magonjwa yanayofanana nao

Dalili kuu ni muwasho mkali ukeni na kwenye mashavu ya uke. Nyingine ni wekundu na uvimbe, maumivu wakati wa kujamiiana, kuhisi moto mkojo unapopita juu ya ngozi iliyochubuka, na kutokwa uchafu mweupe mzito unaofanana na maziwa yaliyoganda. Kwa kawaida uchafu huo hauna harufu mbaya.

Ikumbukwe kuwa ute mwepesi, mweupe au usio na rangi, huongezeka kwa wajawazito wote na si ugonjwa, mradi hauambatani na muwasho, harufu au maumivu.

Uchafu wa kijivu wenye harufu ya shombo ya samaki huashiria kuvurugika kwa bakteria wa ukeni. Uchafu wa rangi ya njano au kijani wenye povu huweza kuwa trikomona. Usaha ukeni, maumivu ya chini ya tumbo au homa huweza kuwa dalili za kisonono, klamidia au maambukizi mengine ambayo yasipotibiwa huhatarisha mimba na mtoto. Katika maeneo yenye kichocho cha mkojo, yakiwemo ya mwambao wa Tanga, mayai ya minyoo ya kichocho nayo huweza kushambulia sehemu za siri za mwanamke na kuleta muwasho, uchafu au damu baada ya tendo la ndoa.

Magonjwa hayo kila moja lina dawa yake. Metronidazoli, ambayo hutibu trikomona na kuvurugika kwa bakteria, haiui fangasi. Antibiotiki iliyobaki nyumbani kutoka kwa mgonjwa mwingine nayo haiui fangasi, na huweza kuwaongeza kwa kuua bakteria rafiki.

Uchunguzi

Mhudumu wa afya huanza kwa kusikiliza maelezo ya mama na kumwangalia. Penye maabara, tone la uchafu huchunguzwa kwa hadubini ili kuona chembe za fangasi na nyuzi zake, na hubainisha pia kama kuna trikomona. Kuotesha sampuli ili kufahamu aina ya fangasi hufanyika katika maabara kubwa, na huhitajika zaidi pale ugonjwa unaporudi mara kwa mara au unapokataa dawa. Pasipo na maabara, mhudumu hufuata mwongozo wa kutibu kwa kuzingatia dalili. Kwa hiyo maelezo kamili na ya kweli kutoka kwa mama ni sehemu ya kipimo.

Tiba: siku saba, si nne wala moja

Dawa zinazopendekezwa kwa mjamzito ni za kundi la azoli zinazowekwa ukeni, hususan klotrimazoli na mikonazoli. Dawa hizi hufanya kazi kwa kuwazuia fangasi kutengeneza mafuta maalumu yanayoshikilia utando wa chembe zao. Utando huo ukidhoofika, fangasi hufa au hushindwa kuzaliana. Zikiwekwa ukeni, ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye damu ya mama, na ndiyo sababu zimetumika kwa wajawazito kwa miaka mingi.

Kwa mwanamke asiye na mimba, dozi ya siku moja hadi tatu mara nyingi hutosha. Kwa mjamzito haitoshi. Mapitio ya majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa na taasisi ya Cochrane mwaka 2001 yalionesha kuwa tiba ya siku nne iliponya wajawazito wanaozidi nusu kidogo tu, ilhali tiba ya siku saba iliponya zaidi ya asilimia 90. Kuongeza muda hadi siku 14 hakukuleta nafuu ya ziada. Mapitio hayo pia yalionesha kuwa azoli za kuweka ukeni ni bora kuliko nistatini, ingawa nistatini nayo imetumika kwa wajawazito kwa muda mrefu.

Tofauti kati ya nusu na tisa ya kumi ndiyo kiini cha jambo hili. Muwasho hupungua ndani ya siku mbili au tatu, na hapo ndipo wengi huacha dawa na kuzihifadhi zilizobaki. Fangasi waliosalia hukuta mazingira yaleyale ya sukari na homoni, nao huongezeka upya. Wiki chache baadaye mama hurudi na malalamiko yaleyale, akiamini kuwa dawa haifai, kumbe dozi haikukamilika.

Tahadhari kuhusu dawa ya kumeza

Flukonazoli ni dawa ya fangasi inayomezwa, na kwa wanawake wasio na mimba hutolewa kidonge kimoja cha miligramu 150. Urahisi wake huifanya ipendwe. Kwa mjamzito, hata hivyo, si chaguo la kutibu fangasi ukeni.

Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kuwa matumizi ya muda mrefu ya dozi kubwa za flukonazoli, miligramu 400 hadi 800 kwa siku, katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito huweza kuhusishwa na ulemavu wa mtoto. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za mimba takriban milioni 1.4. Walibaini kuwa wanawake waliomeza flukonazoli kati ya wiki ya 7 na ya 22 walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa mimba kuharibika, kwa karibu nusu, kuliko wasioitumia. Tofauti ilionekana pia walipolinganishwa na waliotumia dawa za kuweka ukeni. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kuwa dawa ndiyo iliyosababisha, lakini kwa kuwa dawa salama zaidi ipo, hakuna sababu ya kubahatisha.

Mama aliyekwisha kumeza kidonge kimoja kabla ya kujua kuwa ni mjamzito hana sababu ya kuingiwa na hofu kubwa. Amweleze mhudumu katika hudhurio linalofuata. Mgonjwa aliyeandikiwa flukonazoli na daktari kwa maradhi makubwa, kama homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi, asiiache bila ushauri wa daktari wake.

Dawa mbili mpya za kumeza zilizoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2021 na 2022, ibreksafungerpi na otesekonazoli, nazo haziruhusiwi kwa wajawazito. Dawa ya kuweka ukeni bado haijapata mbadala kwao.

Namna ya kutumia dawa

Klotrimazoli ya kuweka ukeni ya miligramu 100 hutumika mara moja kila siku, wakati wa kulala, kwa usiku saba mfululizo. Mama anawe mikono kwa sabuni, alale chali na kukunja magoti, kisha asukume kidonge taratibu kwa kidole hadi ndani kadiri inavyowezekana bila maumivu. Wajawazito hushauriwa kutumia kidole badala ya kifaa cha kusukumia, isipokuwa mhudumu aelekeze vinginevyo. Akishaweka, aendelee kulala ili dawa isitoke. Kutoa mabaki meupe asubuhi ni kawaida.

Krimu ya dawa hiyo hupakwa nje penye muwasho, lakini krimu ya nje pekee haitibu maambukizi ya ndani. Baadhi ya dawa hizi zina mafuta yanayodhoofisha kondomu. Wanaotumia kondomu wajizuie kujamiiana hadi dozi iishe. Mama ambaye chupa ya uzazi imepasuka au anayetokwa damu asiweke kitu chochote ukeni, bali aende kituoni mara moja.

Anayenunua dawa katika duka la dawa muhimu aseme wazi kuwa ni mjamzito, ataje umri wa mimba, na ahakikishe kuwa idadi ya vidonge inatosha siku saba.

Tiba isipofanya kazi

Dalili zikibaki baada ya kumaliza dozi, au zikirudi ndani ya miezi michache, mama arudi kliniki badala ya kurudia dawa mwenyewe. Mhudumu ataangalia mambo manne: kama dozi ilikamilika, kama ugonjwa ni fangasi kweli, kama kuna kisukari au tatizo la kinga, na kama aina ya fangasi ni ile isiyosikia dawa za kawaida.

Suala la mwisho linazidi kupewa uzito. Mwezi Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya fangasi wanaopaswa kupewa kipaumbele. Candida albicans iliwekwa katika kundi la hatari ya juu kabisa, huku Candida glabrata na Candida tropicalis zikiwekwa katika kundi linalofuata. Candida glabrata hustahimili azoli zaidi ya albicans. Dozi zinazokatizwa na dawa zinazotumika ovyo huchangia kuzalisha fangasi sugu.

Mwenza na mtoto

Mwenza asiye na dalili hahitaji kutibiwa. Mwanamume mwenye muwasho au wekundu kwenye kichwa cha uume anapaswa kufika kituoni, kwani huweza kuhitaji dawa ya kupaka.

Kwa kawaida fangasi ukeni hawamdhuru mtoto aliye tumboni. Maambukizi ya ndani ya mji wa mimba ni nadra sana. Wakati wa kuzaliwa mtoto huweza kupata fangasi na baadaye kuota utando mweupe mdomoni, usiofutika kama maziwa na unaomfanya anyonye kwa taabu. Hali hiyo hutibika, na mama hapaswi kuacha kunyonyesha.

Dawa za asili na desturi za usafi

Mkoa wa Tanga una historia ndefu ya tiba asili, na baadhi ya mimea imepimwa kisayansi. Utafiti wa Watanzania uliochapishwa mwaka 2006 ulipima mimea inayotumiwa na waganga wa mikoa kadhaa, Tanga ikiwemo, na kukuta kuwa mingi ilizuia ukuaji wa kandida maabara. Hayo ni matokeo ya kutia moyo kwa watafiti. Hata hivyo, kinachoua fangasi ndani ya chupa ya maabara hakijathibitishwa kuwa salama kwa uke wa mjamzito wala kwa mtoto.

Kuweka shabu, ndimu, kitunguu saumu, chumvi au dawa za unga ukeni huchubua utando na kuzidisha maambukizi. Kujifukiza udi sehemu za siri wakati kuna vidonda au muwasho huongeza mwasho. Uke hujisafisha wenyewe. Nje huoshwa kwa maji safi, na kuingiza vidole vyenye sabuni ndani huwaondoa bakteria walinzi. Makungwi na wazee wanaoaminiwa na wanawake wa pwani wana nafasi kubwa ya kufikisha ujumbe huu.

Kujikinga

Hakuna njia ya kuzuia ugonjwa huu kabisa, lakini kero hupungua kwa kubadili nguo zilizolowa mapema, kuvaa chupi za pamba zisizobana, kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma, kutotumia antibiotiki bila kuandikiwa, na kudhibiti sukari kwa wenye kisukari.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane ya kliniki katika kila ujauzito. Kila hudhurio ni nafasi ya kupimwa, na pia ya kuuliza.

Dalili za kutokusubiri

Mjamzito anapaswa kwenda kituo cha afya bila kuchelewa anapotokwa damu, maji ya ghafla au yanayovuja mfululizo, usaha au uchafu wenye harufu mbaya. Anapopata homa, maumivu ya tumbo, vidonda au malengelenge sehemu za siri. Au mtoto anapopunguza kucheza tumboni. Hayo si fangasi, na dawa ya fangasi haitayaondoa.

Kwa ushauri wa awali, wananchi wanaweza kupiga simu ya Wizara ya Afya kwa namba 199. Kwa mama wa Kigombe na kwingineko, hatua inayofaa zaidi inabaki kuwa ile iliyo karibu: kuutaja muwasho mapema kwa muuguzi mkunga wa zahanati, kupewa dawa ya kuweka ukeni, na kuitumia hadi usiku wa saba, hata kama muwasho umekoma usiku wa tatu.